Mguu wa Mbuzi Ndani ya Boksi la Baridi

Mimi ni mstaafu. Mama yangu anasema mtu hawezi kustaafu kabla hata hajaolewa, lakini mradi umefungwa, nimerudisha helmeti, nimekula keki ya kuagwa, na nimepewa saa ya ukutani. Mtu akishapewa saa ya ukutani, huyo amestaafu, hata kama bado anatumwa dukani kununua chumvi.

Nasikia mradi utarudi kwa awamu ya pili na kwamba mmeshaajiriwa nyinyi wapya wa kubeba boksi. Nawaandikia nyinyi. Habari ya mshahara sitaigusa, mtajionea wenyewe. Vyeo navyo havitatuchelewesha: kulikuwa na kimoja tu, mbeba boksi, nikaanza nacho na nikamaliza nacho.

Nilipomaliza Form Four nilitaka kuwa rubani. Fizikia ikakataa. Nikakaa nyumbani Nuu nikiangalia mbuzi na ndege, yaani mbuzi wakiwa chini na ndege ikiwa juu, mpaka nikasikia kuna watu wa utafiti wanatafuta mtu anayejua pikipiki na asiyeogopa damu. Pikipiki nilifundishwa na mjomba kwenye mchanga wa mto uliokauka, na mtu akiweza kuendesha pale, lami kwake ni kitanda. Kwenye mahojiano daktari aliniuliza kwa nini naitaka hiyo kazi. Nikasema nilitaka kuwa rubani. Aliandika kitu, akaniangalia, akaandika kingine. Nikapata kazi. Hadi leo sijui aliandika nini.

Siku ya kwanza niliripoti Tawa, kwenye chumba cha mradi nyuma ya duka la mbegu. Hapo ndipo nilipokutana na Madam Kavata, mtaalamu wa maabara, mama mwembamba anayevaa sweta hata jua likiwaka kwa sababu maisha yake yote amekaa karibu na mafriji. Hakuniuliza jina. Aliniuliza naogopa nini.

Nikasema nyoka.

"Hapa hatuna nyoka," akasema. "Kuanzia leo utaogopa jua."

Akanionyesha boksi la baridi, la bluu, mfuniko mweupe, na vile vibuyu bapa vya barafu vinavyopangwa ubavuni. Halafu akanionyesha vichupa. Kila mgonjwa anayepitishwa kamera ya koo hukatwa kooni vipande vidogo sana, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na vipande hivyo huwekwa kwenye vichupa viwili. Cha kwanza kina formalini, maji ya dawa yanayozuia kuoza, na hicho ni mvumilivu, unaweza kukipitisha kwa joto na vumbi kikanyamaza. Cha pili kina mfuniko wa pinki. Madam Kavata alisema hicho ni kama mtoto wa mjini, kikikosa baridi kidogo tu kimeharibika. Vyote nilikuwa nikivileta Tawa, yeye anaviandika na kuvipanga, kisha ninavipeleka Kiboko kando ya barabara kuu ambapo gari la Nairobi lilivichukua. Huo ndio uliokuwa urubani wangu.

Siku ya pili nikauliza hasa tunatafuta nini. Madam Kavata alichomoa uzi mmoja wa mkonge uliokuwa umeshaanza kulegea kwenye kiondo chake, kile kikapu cha kusukwa, akanisukuma nao shavuni. Uzi ukajikunja. Halafu akachomoa zingine, akazisokota pamoja zikawa nene, akanisukuma tena. Nikashika shavu.

"Umesikia?" akauliza. "Ndani ya kila seli ya mwili kuna nyuzi, zinaitwa aktini. Ndizo zinazoipa umbo, kama kiondo hiki. Sasa kuna protini moja, fasini, kazi yake ni kuzishika hizo nyuzi na kuzifunga pamoja. Seli ya saratani ikiwa na fasini nyingi inajitengenezea vidole vigumu. Inajisukuma. Inatoka kwao."

Saratani iliyokaa kwao, akanieleza, inaweza kutolewa. Ile iliyoota vidole ikahama ndiyo inayowaliza watu. Kwa hivyo mradi ulitaka kujua kama ukipima fasini kwenye kale kapande, unaweza kuona mapema ni saratani gani imeanza kufunga virago. Ni alama tu, alipenda kusema, si uganga. Bado inachunguzwa, na hakuna mgonjwa wa hapa atakayetibiwa kwa kuitegemea. Kama mtu ana saratani au hana, hilo lilijulikana kwa njia ya kawaida, kwa kile kichupa kivumilivu cha formalini; fasini nayo ilipimika humo humo, cha pinki kilikuwa cha vipimo vya ziada. Shikeni hapo, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanakaa juu ya kile kichupa.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba sasa nafukuza seli zinazotaka kusafiri. Akaniuliza, na zake nani anazifukuza.

Barabarani mtajifunza wenyewe, ila niwape machache. Boksi la baridi kwenye pikipiki kila mtu analijua, na kila mtu analijua kivyake. Kitui waliniuliza maziwa ya yoghati ni pesa ngapi. Vijijini waliniuliza chanjo ya kuku. Mwingi kulikuwa na mwenye duka mmoja ambaye babu yake alitoka pwani, mtu wa roho safi, ambaye barafu yangu ikiyeyuka alinigandishia nyingine bure. Sharti lake lilikuwa moja, boksi lisikae karibu na mandazi. Na kwenye kizuizi cha polisi afisa mmoja mnene aliniamuru nifungue. Nikamwambia kwa heshima kwamba ndani kuna vipande vya makoo ya watu. Tangu siku hiyo, kila aliponiona nikiwa bado mbali alinipungia mkono nipite, na ule mwingine ameuweka kooni.

Sasa nije kwa Susu Kalekye; susu kwetu ni bibi, mama mzee.

Daktari wa kamera alikuja Nuu kupima watu waliokuwa wanashindwa kumeza. Susu Kalekye aliletwa na mume wake, Mzee Musembi, ambaye ni mzee wa kanisa na huombea kila kitu kabla hakijaanza. Susu alikuwa amefika mahali muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, haishuki tena, anaishi kwa uji, na uji wenyewe anautukana. Alivua meno yake ya bandia akayaweka kwenye kikombe, akalala ubavu, kamera ikaingia. Alipoinuka alisema kwa sauti ya kukwaruza kwamba hata tukileta kamera ya dhahabu, hilo koo limefungwa. Akachukua mkoba wake akatoka.

Daktari alinivuta kando akanipa vichupa viwili. Aliona uvimbe, akasema, na uvimbe wenyewe haukumpendeza. "Hivi usivipoteze, Mwende," akaniambia. "Yule mama harudi."

Nikavifunga ndani ya boksi. Ndipo nikaona kikombe. Susu alikuwa ameondoka bila meno.

Boma lao lilikuwa njiani, kwa hivyo nikasema nitayapitisha. Mzee Musembi alinipokea kama nimeleta mtoto aliyepotea. Akaiombea pikipiki. Akalitoa boksi juani mwenyewe akalipeleka ndani kivulini, jambo ambalo Madam Kavata angelisifu. Nikaketishwa, nikawekewa sahani ya isyo, na mnajua isyo ya kwetu, ni mahindi na maharagwe lakini sahani yenyewe ni shamba. Susu akarudisha meno mdomoni, akayasikiliza kidogo, akaniuliza ile nyama yake iko wapi.

Mimi kwa kuipenda kazi nikamwonyesha boksi. Nikasema iko mle, inasafiri mpaka Tawa, halafu Kiboko, halafu Nairobi.

"Aa," akasema Susu.

Mkikutana na mama mzee wa Ukambani akasema "aa" na asiongeze neno, acheni kula. Mimi sikujua. Mzee Musembi akanichukua nikaone mizinga yake ya nyuki, akanieleza mzinga mmoja mmoja na tabia zake. Tuliporudi boksi lilikuwa limeshafungwa kwenye pikipiki, kwa kamba nzuri ya mkonge, fundo la uhakika. Nilihisi ni zito. Nikadhani ni mimi nimekuwa mzito, kwa isyo.

Hapa niseme jambo kwa wale watakaotoka mbali. Kwetu mgeni akija na chombo, chombo hakitoki kitupu. Ukiletewa sukari kwa bakuli, bakuli linarudi na mayai. Mtu anaweza kukuchukia na bado akakujazia kikapu. Hiyo ni desturi nzuri na nimelelewa nayo, sema haikuandikwa popote kwenye mafunzo ya mradi.

Tawa, Madam Kavata alivaa glavu, akafungua. Halafu akainua kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akakifungua polepole. Ulikuwa mguu wa nyuma wa mbuzi.

"Mwende," akasema, "huyu mgonjwa ana koo kubwa."

Chini yake kulikuwa na chupa ya maziwa lala, yale machachu. Vibuyu vya barafu vilikuwa vimepangwa vizuri kuuzunguka mguu, mfuniko umekaza, baridi iko sawa kabisa. Ule mguu ulifika katika hali nzuri kuliko sampuli yoyote niliyowahi kubeba. Vichupa havikuwepo.

Tulipiga simu. Mzee Musembi alituombea kwanza, kisha akampa Susu, na Susu hakuona tatizo liko wapi. Sisi tulitaka nyama, yeye ametupa nyama, tena nyingi. Yake ameirudisha. Sisi tumepata faida.

Madam Kavata aliweka simu chini akakaa. Cha pinki tukisahau, akasema, jua la Nuu limeshakimaliza. Lakini cha formalini bado kizima kama hakuna aliyekifungua, akamwaga, au akakizika. Kikizikwa, ule uvimbe utabaki pale kooni bila jina, kwa sababu mwenyewe ameapa kamera haitaingia tena. Na utakaa hapo bila jina mpaka siku utakapoota vidole.

"Rudi," akaniambia. "Na usimgombeze. Amekupa mguu wa nyuma."

Mguu ulipelekwa kwa mwenye duka la mbegu, ambaye alikuwa na sufuria na hakuuliza maswali.

Asubuhi nilimkuta Susu Kalekye barazani anasuka kiondo. Nikamwamkia, akaitika, akaendelea kusuka. Vichupa vilikuwa vimelala kando yake kwenye kisahani kama vijiko vya chai, na karibu na kisahani kulikuwa na jembe. Mzee Musembi alikaa upande wa pili, amechoka, kwa kuwa walikuwa wamebishana tangu jana.

Nyuma ya ghala, Susu akanieleza, ndiko alikozika meno yake ya kweli, moja moja jinsi yalivyong'oka. Hicho kipande kitaungana nayo. Siku akiitwa anataka akusanywe mahali pamoja.

"Nimemwambia Mungu anaweza kumkusanya hata kutoka Nairobi," akasema Mzee Musembi.

"Anaweza," akasema Susu. "Lakini kwa nini tumsumbue?"

Nilikaa chini. Sikuwa na maneno ya daktari. Nikaomba uzi mmoja wa mkonge, nikausukuma kwenye kiganja chake, ukajikunja. Nikaomba zingine, lakini mimi kusokota sijui, zikaachana. Susu alininyang'anya, akazisokota kwenye paja lake kwa mkono mmoja mara moja tu, akanirudishia kitu kigumu kama msumari. Nikamsukuma nacho kiganjani. Nikamweleza kila kitu jinsi nilivyoelezwa mimi, nyuzi, fasini, vidole, seli inayotoka kwao. Na nikamwambia kwanza kabisa lazima ijulikane huo uvimbe ni nini.

Aliacha kusuka.

"Kwa hivyo mnataka kujua ni nini, na kama imeanza kusokota."

"Ndiyo, Susu."

"Na nikiizika hapa, nani atajua?"

"Hakuna, Susu."

Alikisogeza kile kisahani karibu na goti lake. Halafu akauliza swali ambalo nafikiri ndilo lililokuwa pale tangu ile "aa" ya jana. Aliuliza huko Nairobi watajua ni ya nani.

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia huko itakuwa namba.

"Namba," akasema. Akamgeukia mume wake. "Umesikia, baba Mutua? Nimezaa, nimelima, nimezika wazazi wako wawili. Naenda Nairobi kuwa namba."

Mzee Musembi kwa mara ya kwanza hakuwa na maombi. Na mimi, badala ya kusema neno la maana, machozi yakanitoka. Nililia pale barazani na helmeti kwenye magoti. Nilikuwa naiona baraza hiyo bila yeye, bila matusi ya uji, kiti chake kitupu.

"Wewe unalia nini," akasema Susu, "na koo ni langu?"

Nikamwambia sijui.

Akasukuma jembe kando kwa mguu. Akachukua vichupa, akaviweka ndani ya kile kiondo kidogo alichokuwa anasuka, ambacho bado hakikuwa na mshipi, akasimama. Mtoto, akasema, hatumwi safari kwa watu wasiomjua mama yake. Kipande chake atakipeleka mwenyewe. Boksi nibebe mimi, kama nalipenda sana.

Ndivyo Susu Kalekye alivyopanda pikipiki yangu baada ya maombi marefu, ameshika kiondo kifuani, meno amevaa. Kwenye kizuizi yule afisa mnene alituona akaanza kupunga, kisha akamwona abiria, akasimamisha. Akauliza mama amebeba nini.

"Mimi," akasema Susu. "Niko humu ndani kidogo."

Afisa alitupungia kwa mikono yote miwili.

Tawa, Madam Kavata alisimama na kuvua glavu kabla ya kumsalimia kwa mkono, na nadhani kazi yote ya kumshawishi Susu iliisha hapo, ingawa hatukujua bado. Susu alimhoji. Wewe ni mtoto wa nani, mama yako ni wa ukoo gani, umezaa wangapi, mbona umevaa sweta. Madam Kavata alijibu yote mpaka la sweta. Akainama juu ya kiondo akakichungulia kichupa cha formalini, akaniitikia kwa kichwa: kizima. Akachukua karatasi ya kubandika yenye namba.

"Hiyo namba ukiiona," akauliza Susu, "utajua ni mimi?"

"Nitajua, mwaitu," akamwita mama kwa Kikamba.

"Itamke."

Akaitamka. Susu akamwambia airudie, akairudia. Ndipo akakitoa kichupa kwenye kiondo na kumkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mtoto kwa mwalimu siku ya kwanza ya shule. Kisha akauliza mguu wa mbuzi ulikuwaje. Kwa bahati mwenye duka la mbegu alikuwa amebakiza mchuzi. Susu aliunywa polepole, kwa uchungu, lakini aliunywa.

Jibu la daktari lilipokuja lilikuwa saratani. Niliombwa niende nao siku ya kuambiwa, nikaenda, na nikaweka ahadi ya kutolia ambayo sikuitimiza. Lakini daktari aliendelea kuongea. Picha walizompiga zilionyesha imekaa kwao, akasema, kwenye ngozi ya ndani ya koo tu, haijahama. Kwa hiyo alipelekwa hospitali ikatolewa. Safari hiyo kamera iliingia tena, ya kawaida, si ya dhahabu, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha alivyoapa.

Baadaye Susu aliniuliza, na ile ya nyuzi je, ilikuwa imeanza kusokota? Nikamwambia sijui. Namba zote zimefungiwa Nairobi mpaka wazihesabu pamoja, ndipo waone kama ile alama inasema kweli au inabahatisha.

"Basi wao wahesabu," akasema. "Mimi nakula muthokoi."

Anakula kidogo na kwa maji mengi, lakini inashuka. Na kila nikipita kwao huuliza habari ya kale kapande kama jamaa aliyehamia mjini. Kanaendeleaje. Bado kako kwa watu wazuri? Namwambia kamewekwa ndani ya nta, mahali pakavu, na Madam Kavata anaikumbuka namba. Hiyo ya mwisho niliwahi kuijaribu. Nilimuuliza Madam Kavata ghafla akiwa anakula, akaitamka bila kuacha kutafuna.

Sasa nimestaafu na boksi nimelirudisha ofisini. Kwa kanuni lilitakiwa kurudi likiwa safi na tupu. Safi ni safi. Mkilifungua mtakuta kiondo kidogo cha mkonge kinachoenea sawasawa kati ya vibuyu vya barafu, kimegawanywa ndani ili kila kichupa kisimame peke yake. Susu Kalekye alikisuka baada ya kupona, kwa kipimo cha macho. Madam Kavata alikikataa kwanza, kwamba si kitu cha maabara. Akakiosha kwa spiriti, akakijaribu, akaona vichupa vimeacha kugongana njiani. Alikirudisha ndani akafunga mfuniko. Msikitoe.

Na mkienda vijijini, kaeni chini kwanza, mseme nyinyi ni watoto wa nani. Kuleni mtakachowekewa. Halafu wakati wa kuondoka nyanyueni boksi kwa mkono kabla ya kuwasha pikipiki. Likiwa zito kuliko lilivyokuja, msiondoke. Rudini ndani, shukuruni kwa mlichowekewa, kisha mwulize kwa upole wametoa nini.